Na Kama Aliyeanguka ni Mke wa Mtu?



Mwaka jana, katika ukumbi wa parokia yetu, tulifanya semina ya siku mbili juu ya huduma ya kwanza. Walihudhuria viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, makatekista, akina mama wa WAWATA, na vijana kadhaa ambao nadhani walivutwa zaidi na chakula cha mchana. Mkufunzi alikuja na mdoli wa mafunzo: kichwa, shingo na kiwiliwili hadi kiunoni, ngozi ya rangi ya Mzungu aliyekaa juani kidogo, kifua bapa kama ubao. Tuliulaza mkekani, tukapiga magoti kwa zamu, tukakandamiza kifua chake huku mkufunzi akihesabu kwa sauti. Kazi yake aliifanya vizuri, na katika haya nitakayoyaandika simlaumu yeye.

Mwishoni aliuliza kama kuna mwenye swali. Katekista mmoja, mtu mzima aliyekwisha kupita miaka hamsini, alisimama akasema: "Na kama aliyeanguka ni mke wa mtu?" Ukumbi mzima ulicheka. Mimi pia nilicheka. Mkufunzi alijibu kwamba utaratibu ni uleule, akaanza kukusanya vifaa vyake. Katekista aliketi. Yeye hakucheka.

Swali lile halijaniacha hadi leo. Yule mzee hakuuliza kwa mzaha. Alikuwa akisema, kwa adabu ya mtu mzima, jambo ambalo wengi wetu pale tulilijua na hatukuthubutu kulitamka: kwamba mikono yake ilikuwa imejifunza kugusa kifua cha kijana mwanamume, mwembamba, asiye na nguo, na kwamba siku mama mmoja atakapoanguka sokoni, amevaa gauni, kitenge na sidiria, mikono ile itasita. Itasita kwa heshima, na itasita kwa kuogopa macho ya watu na hasira ya mume. Lakini mtu ambaye moyo wake umesimama hana muda wa kungojea heshima zetu. Ubongo ukikosa damu huanza kuharibika ndani ya dakika chache tu. Watu watasimama wakimzunguka yule mama, watamhurumia, watampigia mumewe simu, na wakati huo atakuwa anakufa mbele yao.

Ndiyo maana nimeomba nafasi katika kijitabu hiki. Nasema kwamba mdoli tunaojifunzia ni suala la haki, na kwamba tumekosea kuupokea bila kuuliza unatufundisha mwili wa nani.

Rafiki yangu mmoja ambaye ni daktari alinikemea nilipomsimulia habari hii. Mdoli ni mdoli, alisema. Moyo hauna rangi, na mfupa wa kifua hauna jinsia. Kwa upande wa ufundi, asemalo ni kweli tupu. Aliyeanguka awe mwanamume au mwanamke, mweusi au mweupe, kiganja huwekwa mahali palepale, katikati ya kifua, nusu ya chini ya mfupa wake. Kwa mtu mzima hukandamizwa kiasi cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Hakuna utaratibu mwingine kwa ajili ya wake za watu. Ila rafiki yangu amesahau kwamba kabla mikono haijafika kifuani, mtu huamua kwanza kama atapiga magoti au la. Huko kwenye kuamua ndiko watu wanakofia.

Tena anayesema kwamba sura ya mdoli si kitu anapingana na yule aliyeutengeneza. Yafaa tuijue historia hii, maana ni fupi na ina mafundisho. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari Peter Safar, aliyekuwa akifanya kazi Baltimore, Marekani, alionyesha kwamba pumzi ya mtu mmoja ikipulizwa kinywani mwa mwingine yaweza kumweka hai. Mwaka 1960, katika mji huohuo, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker walitangaza kwamba moyo uliosimama waweza kusukumiwa damu kwa kukandamiza kifua kwa mikono mitupu, bila kupasua. Sasa ilibidi watu wa kawaida wafundishwe, na haiwezekani kumfundishia mtu juu ya kifua cha aliye hai. Mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto wa mji wa Stavanger, Norwe, Åsmund Laerdal, ambaye alikuwa na ujuzi wa plastiki laini, ndiye aliyetengeneza mdoli wa kwanza wa kazi hiyo. Aliuita Anne.

Uso aliupata wapi? Aliuchukua kutoka katika kinyago cha plasta cha msichana asiyejulikana, ambaye inasimuliwa kwamba alizama katika mto Seine mjini Paris mwishoni mwa karne ya 19, na kwamba sura yake ilichukuliwa katika chumba cha maiti. Nakala za kinyago hicho zilitundikwa ukutani katika nyumba nyingi za Ulaya kama pambo. Na kwa nini uso wa mwanamke? Kwa sababu, kama inavyosimuliwa, Laerdal aliona kwamba wanaume wangeona haya kuweka midomo yao juu ya midomo ya mdoli wa kiume. Ndugu msomaji, lisome tena hilo. Mtengenezaji wa kwanza kabisa alifahamu kwamba sura ya mdoli inaweza kumfanya mwanafunzi akubali au akatae kujifunza, na aliuchonga kwa kuzifuata haya za wanafunzi wake. Zilihesabiwa haya za wanaume wa Ulaya wa mwaka 1960. Haya za katekista wetu hazijahesabiwa bado.

Na tazama yaliyofuata. Mwaka 2024 watafiti wa Australia walichapisha uchunguzi wao juu ya midoli ya watu wazima iliyokuwa ikiuzwa duniani kwa mafunzo haya. Walikuta aina 20. Katika hizo 20, ni moja tu iliyokuwa na matiti. Msichana wa Paris ameazimwa midomo yake kwa zaidi ya miaka sitini ili watu wajifunze kupuliza, lakini mwili wa mwanamke wenyewe haukuruhusiwa kuingia darasani.

Mtaniuliza kama kusita huko ninakokusema kumewahi kupimwa. Kumepimwa Marekani, ambako matukio haya huandikwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika watu walioanguka hadharani kwa moyo kusimama, wanaume waliosaidiwa na watu waliokuwapo walikuwa asilimia 45, na wanawake asilimia 39. Mwaka 2022 ukatolewa mwingine, wa matukio zaidi ya laki moja na elfu kumi ya miaka ya 2013 hadi 2019, yote yakiwa yameshuhudiwa na mtu. Hadharani, Wazungu waliosaidiwa walikuwa asilimia 60. Watu weusi na wale wa asili ya Amerika ya Kilatini walikuwa asilimia 45.6. Nyumbani ilikuwa 47.4 kwa 38.5. Na tofauti hiyo ilionekana pia katika mitaa ambamo weusi ndio wengi, na katika mitaa ya wenye kipato kizuri.

Sitaki kumdanganya mtu yeyote. Mdoli peke yake haukuyaleta hayo yote. Katika mitaa ya maskini mafunzo ni machache. Watu wanaogopa kushtakiwa kwamba wamemshika mwanamke vibaya. Wengine wamefundishwa kwamba ugonjwa wa moyo ni wa wanaume, basi wakimwona mwanamke ameanguka hudhani amezirai tu. Nayajua hayo. Lakini mafunzo ndiyo nafasi moja tuliyo nayo ya kuiondoa hofu kabla ya siku yake, na sisi tumeitumia nafasi hiyo kuilinda. Mtu amefanya mazoezi mara ishirini juu ya mwili usioogofya, akapewa cheti, akaambiwa yuko tayari.

Wako watakaosema kwamba haya ni magomvi ya Wamarekani na rangi zao, na kwamba huku kwetu sote ni weusi, tuna nini cha kuuliza? Nawajibu kwanza kwamba swali la katekista halikutoka Marekani. Liliulizwa kwa Kiswahili, na mtu asiyewahi kuvuka mpaka wa nchi hii. Pili, ikiwa sote ni weusi, basi ni ajabu zaidi kwamba mdoli uliokuja kutufundisha ni mweupe. Katika maparokia yetu tumeishi muda mrefu na sanamu zenye sura moja, nasi twajua vizuri jinsi mtoto anavyojifunza, bila kuambiwa na mtu, nani anafanana na watakatifu na nani hafanani. Hatuwezi leo kujidai kwamba hatufahamu kazi ya sanamu.

Na katika jambo la uhai, rangi si sura tu, ina maarifa ndani yake. Vitabu vingi vya huduma ya kwanza vimezoea kusema kwamba mtu aliyekosa hewa hugeuka rangi ya buluu. Kwa ngozi nyeupe, ndivyo. Kwa ngozi yetu, anayengojea kuona buluu mashavuni atangoja hadi mazishi. Yampasa atazame midomo, ulimi, ndani ya kinywa, viganja, kucha. Mwaka 1953 daktari Virginia Apgar wa New York alichapisha kipimo chake cha kumpima mtoto mchanga, ambacho wakunga wetu wote wanakijua. Moja ya alama zake tano ni rangi, na mtoto hupata alama kamili akiwa na wekundu wa afya mwili mzima. Mkunga mzoefu wa Sumbawanga au Ngara amekwisha kuitafsiri alama hiyo mwenyewe, kwa viganja na ulimi wa mtoto. Je, mwanagenzi naye? Hata kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima hewa katika damu kina kasoro ya namna hiyo: uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilishindwa kugundua upungufu wa hewa karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Walioyatengeneza haya hawakuwa na chuki. Walikuwa na mwili mmoja tu akilini.

Sasa nieleze jambo linalonipa matumaini, na ambalo pia linawanyima watu udhuru.

Kampuni ileile ya Stavanger iliyomzaa Anne ndiyo inayotengeneza mdoli wa mtoto mchanga unaoitwa NeoNatalie. Hujazwa maji ili uwe na uzito na ulegevu wa mtoto halisi anayeshikwa mikononi. Mkufunzi akibinya vipira vyake, kitovu hudunda, kifua hupanda. Hutengenezwa kwa rangi nyeusi na kwa rangi nyeupe. Mdoli huo ulikuja na mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga apumue ndani ya dakika yake ya kwanza, ile inayoitwa dakika ya dhahabu, na nchi yetu ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuyajaribu. Katika hospitali 8 za Tanzania, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Baadaye yakafuata mafunzo mafupi ya mara kwa mara, wakunga wakijizoeza pamoja palepale wodini. Matokeo ya vituo 30 katika mikoa mitano, yaliyotolewa mwaka 2025, yalionyesha vifo vya watoto, wanaozaliwa wafu na wanaofariki mara baada ya kuzaliwa, vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila watoto elfu. Hospitali ya Haydom, ya ndugu zetu Walutheri huko Manyara, ilikuwa na sehemu kubwa katika kazi hiyo, nasi hatuna budi kuwapongeza.

Sisemi kwamba rangi ya mdoli ndiyo iliyowaokoa watoto hao. Waliwaokoa wakunga. Nasema kwamba pale watu walipojiuliza nani atajifunza, wapi, na juu ya mwili wa namna gani, mdoli ulitengenezwa kwa jibu lao, wala haukuwa mgumu kutengenezwa.

Kwa mama anayejifungua pia wamefikiri. Upo mdoli wa kuvaliwa na mkufunzi tumboni, wenye mtoto, kondo la nyuma na damu ya bandia, ili wakunga wajifunze kuzuia kutoka damu. Ni kifaa chema sana. Lakini naomba WAWATA walitafakari hili: mwanamke akiwa anazaa, dunia imemtengenezea tumbo, kondo na damu. Akizimia baada ya miaka yake ya kuzaa kupita, au kabla haijafika, hatengenezewi hata kifua.

Wala si yeye peke yake aliyesahauliwa. Mdoli wa kawaida ni kijana mwenye afya njema, ambaye hali yake ya kufa ni ya kushangaza. Yuko wapi mzee? Mbavu za mzee zaweza kuvunjika chini ya kiganja, na sauti yake husikika. Asiyeambiwa mapema huacha kukandamiza papo hapo, akidhani ameua, kumbe alipaswa kuendelea. Yuko wapi mtu mnene? Yuko wapi mama mwenye mimba kubwa, ambaye msaidizi wa pili yampasa alisukume tumbo lake kwa mikono kuelekea kushoto ili damu ipite?

Juu ya gharama nitasema kwa ufupi, kwa sababu udhuru huu ndio unaopendwa kuliko wote na ndio dhaifu kuliko wote. Ni kweli midoli ni ghali. Ni kweli pia kwamba iliyo mingi katika majimbo yetu ni ya msaada, na msaada hupokelewa kwa mikono miwili. Lakini anayekuletea zawadi hakukatazi kumwambia unachohitaji. Kwa nini barua zetu za maombi hutaja idadi ya midoli, hutaja hata rangi ya mifuko ya kubebea, na hazitaji kwamba tunahitaji ya kike na ya rangi yetu? Na ile tuliyo nayo tayari yaweza kurekebishwa kwa kitambaa, pamba na sindano.

Nabaki na pingamizi moja ambalo ni zito kweli, nalo ni la heshima. Mama mmoja mcha Mungu aliniambia: "Baba, mdoli wenye matiti ukumbini, mbele ya vijana wetu? Si aibu hiyo?" Simcheki. Stara ni tunu tuliyoachiwa na wazee, na mwanamke ana haki ya kutodhalilishwa hata akiwa amezimia. Hasa akiwa amezimia. Lakini stara tunayoijua sisi haijawahi kuwa ya kumwacha mtu. Mwanamke akishikwa na uchungu njiani, wanawake hufungua khanga zao, huzishika kwa mduara, wakapata chumba papo hapo. Mbona hatukufundishwa hilo kwenye semina? Mmoja akandamize, wengine washike khanga, na mumewe akifika atakuta mkewe amesitiriwa na anahudumiwa. Tena kukandamiza hakudai kumvua mtu nguo zote. Ni pale tu inapokuwapo mashine ya kushtua moyo ndipo vibandiko vyake hutaka ngozi tupu, na kile cha kushoto huwekwa chini ya titi, ubavuni, siyo juu yake. Mtu aliyekwisha kufanya hivyo juu ya mdoli uliovishwa sidiria ataifanya kazi haraka na kwa adabu. Asiyewahi, ama atapapasa akitafuta njia, ama atarudi nyuma. Aibu iko kwenye kupapasa na kurudi nyuma.

Halmashauri ya Walei imekubali tufanye semina nyingine kabla ya majilio. Mkufunzi ni yuleyule. Nilipomweleza haya alinyamaza kidogo, kisha akasema angependa kujaribu. Akina mama wa WAWATA wamekwisha kukata kitambaa cheusi cha kuufunika mdoli, na kushona kifua cha pamba kinachofungwa kwa kamba mgongoni. Tunahitaji sidiria mbili kuukuu, gauni moja pana, vitenge, na khanga nne za kujizoezea kushika mduara. Zipelekwe kwa katibu wa WAWATA baada ya Misa ya pili. Wanaume waje wengi. Katekista wetu ameomba awe wa kwanza kupiga magoti, na amesema atakuja na mke wake.